Uzi maalumu: Wakorea wa ughaibuni wanavyojifunza upya lugha ya nyumbani

Mleta uzi

Wadau, salamu kwenu nyote.

Nafungua uzi huu kuhusu watu ambao ni nadra kuandikiwa kwa Kiswahili, nao ni Wakorea waliozaliwa au kukulia nje ya Korea, waliosikia Kikorea tangu wakibebwa mgongoni, wakakiacha walipoingia shule, na sasa, wengine wakiwa na watoto wao wenyewe, wanarudi darasani kukisomea. Ninaishi Los Angeles na ninafanya ukalimani wa Kiswahili hospitalini, mahali ambapo wenzangu wengi ni Wakorea wa kizazi cha pili, kwa hiyo jambo hili naliona kazini mara kwa mara. Hoja yangu naiweka wazi mapema ili tujadiliane vizuri: upungufu wa watu hawa si wa msamiati peke yake. Kikorea chao kilisimama walipokuwa na umri wa miaka mitano au sita. Wanajua kusema kama mtoto anavyosema na mama yake, lakini hawajui kusema kama mtu mzima anavyosema na mtu mzima mwenzake. Kujifunza upya kwao ni kukua ndani ya lugha, na mafunzo yasiyoliona hilo huwapotezea muda.

Nitatoa mfano mmoja. Muuguzi mwenzangu, mzaliwa wa hapa, aliombwa kumsaidia mzee wa Kikorea aliyefika bila mkalimani. Nyumbani kwao mama husema Kikorea, yeye hujibu kwa Kiingereza, na hakuna neno la mama linalompita. Akamwuliza mzee umri wake kwa maneno "myeot sal-ieyo?", kwa sababu ndivyo alivyokuwa akiulizwa yeye na kila mgeni alipokuwa mdogo. Sarufi yake haina kasoro, ila hilo ni swali la kuulizwa mtoto. Mzee huulizwa "yeonse-ga eotteoke doeseyo?", ambapo neno lenyewe la umri hubadilika na kitenzi huchukua kiambishi cha heshima. Mzee hakukasirika, akajibu kwa upole, "ilheun dul." Hapo muuguzi akakwama tena. Kikorea kina seti mbili za namba, moja ya asili na nyingine iliyotoka Kichina, na katika mazungumzo ya kawaida umri hutajwa kwa ile ya asili. Aliyekulia Marekani huzijua hana, dul, set mpaka kumi au ishirini, kwa kuwa ndizo zilizomhusu alipokuwa mtoto, lakini ilheun ya sabini, yeodeun ya themanini na aheun ya tisini ni namba za wazee, na wazee wenyewe hakukaa nao. Mzee alikuwa na miaka 72, na muuguzi aliijua kwa kuisoma kwenye kitambulisho chake.

Sisi tuliofundishwa kumwamkia mkubwa shikamoo kabla ya kumwomba hata maji ya kunywa tunauelewa uzito wa jambo hilo bila kuelezwa mara mbili.

Mleta uzi

Naendelea, kwa wasioijua historia yao. Wakorea wa kwanza waliokwenda kwa kundi katika ardhi ya Marekani walishuka Honolulu tarehe 13 Januari 1903 kutoka meli iitwayo Gaelic, kiasi cha watu 100, wakafanye kazi katika mashamba ya miwa, na hadi mwaka 1905 walikuwa wamefika kama 7,000. Wimbi kubwa zaidi lilikuja baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 kuuondoa mgawo uliokuwa ukiwabana watu wa Asia. Familia zilizofika miaka ya 1970 na 1980 zilifungua maduka ya vyakula na ya kufulia nguo, baba na mama wakishinda humo tangu alfajiri hadi usiku, na mtoto ndiye aliyekuwa akisoma barua za benki na za kodi. Wapo wazazi walioshauriwa na walimu waache kusema Kikorea nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, nao wakatii kwa nia njema kabisa.

Ghasia za Los Angeles zilizoanza tarehe 29 Aprili 1992, ambazo Wakorea huziita Sa-i-gu kwa kutaja tarakimu 4, 2 na 9, ziliharibu zaidi ya biashara 2,000 za Wakorea. Wazazi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuieleza nchi yaliyowapata, na vijana waliosimama kuwasemea waligundua kwamba wao nao hawakuwa na Kikorea cha kutosha kuwauliza wazazi wao kwa undani. Naamini madarasa mengi ya watu wazima ya leo yana mizizi katika uchungu wa miaka ile, ingawa sura yao ya nje ni ya muziki na tamthilia.

Sasa turudi kwenye lugha. Aina ya usemi anayoipata mtoto nyumbani huitwa banmal, usemi wa watu wa karibu sana au wa mkubwa kwa mdogo. Usemi wa heshima huitwa jondaetmal. Mama humwambia mtoto "bap meogeosseo?", umekula? Mtoto akimwuliza bibi yake hilohilo anatakiwa aseme "jinji deusyeosseoyo?", na katika maneno hayo chakula kimebadilika jina, kula kumebadilika kitenzi, heshima imeingia katikati ya kitenzi na adabu imewekwa mwishoni. Anayejifunza upya hujua kwamba heshima inahitajika, akaimwaga kila mahali, hata juu yake mwenyewe: akiulizwa kama amekula, hujibu "ne, jinji deusyeosseoyo," yaani amejitukuza mbele ya bibi. Jibu linalofaa ni "ne, meogeosseoyo," maana kiambishi cha heshima hupewa unayemtaja, nawe hujipi.

Vilevile hakuna "wewe" ya kumwambia mkubwa. Kamusi inataja dangsin, lakini ukiitumia kwa mzee asiye mwenzio wa ndoa utaonekana unatafuta ugomvi. Mtu huitwa kwa cheo au kwa udugu: seonsaengnim kwa mwalimu, sajangnim kwa mwenye duka, halmeoni kwa bibi yeyote. Kwenye udugu ndiko Mswahili angejifunza haraka kuliko Mmarekani. Gomo ni shangazi, oesamchon ni mjomba, ndugu wa baba ni keun-abeoji, baba mkubwa, na jageun-abeoji, baba mdogo. Kijana aliyekulia kwenye Kiingereza, ambako wote hao wamepangwa katika majina mawili tu, hukaa mezani siku ya Chuseok, sikukuu ya mavuno inayokutanisha ukoo, asijue amwite nani vipi, na kwa kuwa huwezi kuanza kusema na mtu usiyejua umwiteje, hunyamaza. Ukimya huo jamaa huuchukulia kuwa ni kiburi.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani kwa uzi huu, mleta uzi. Nina swali. Kama mtu anaelewa kila kitu anachoambiwa na mama yake, kwa nini asikate tiketi tu akakae Seoul kwa muda, lugha ikajirudi yenyewe? Mimi nilijifunza Kiluganda kwa kuishi Kampala, wala sikuingia darasani.

Mleta uzi

Swali zuri. Wengi hufanya hivyo, na njia zipo: Chuo Kikuu cha Yonsei kina taasisi ya kufundisha Kikorea tangu mwaka 1959, na wenye asili ya Korea hupata viza yao maalumu iitwayo F-4. Hata hivyo kuna mambo mawili. La kwanza ni la kisheria, linalowahusu wanaume: kijana aliyezaliwa Marekani huku mzazi wake mmoja akiwa bado raia wa Korea anaweza kuhesabiwa kuwa raia wa Korea bila yeye kujua, na uraia huo huja na wajibu wa jeshi. Kwa kawaida anatakiwa aukane kabla ya tarehe 31 Machi ya mwaka anaotimiza miaka 18, kwa hiyo ni vizuri kuuliza ubalozini kabla ya kuhamia huko.

La pili ndilo lenye uzito kwangu. Mgeni mwenye sura ya kigeni akisema salamu mbili za Kikorea mjini Seoul hupongezwa. Mwenye sura ya Kikorea akikosea huulizwa kwa nini, na aghalabu dereva wa teksi ndiye anayeanza. Kwako wewe Kampala, kila neno ulilolipata lilikuwa faida juu ya faida. Huyu kila neno analolikosa linahesabiwa kuwa deni la wazazi wake. Ndiyo maana nawashauri wapitie kwanza darasa, tena darasa lililotengwa kwa waliorithi lugha nyumbani, kama lile la UCLA, Chuo Kikuu cha California hapa Los Angeles, ambalo halichanganyi mtu anayeelewa mazungumzo na mtu anayeanza kusikia sauti za Kikorea leo.

Sauti zenyewe si jambo dogo. Kikorea kina konsonanti za namna tatu mahali ambapo lugha nyingi zina mbili: dal ni mwezi wa angani, tal ni kinyago, ttal ni binti. Wasomaji wa Mombasa na Lamu wana pa kuanzia, kwa kuwa kwao paa la nyumba na paa wa porini hutofautiana kwa pumzi ya sauti ya kwanza, lakini ile ya tatu, inayotamkwa kwa kukaza koo bila pumzi, huwatesa wageni kwa miaka. Aliyelelewa na mama Mkorea huitambua bila kufikiri. Kumweka mtu huyo katika darasa la kurudia dal, tal, ttal kwa mwezi mzima ni kumkatisha tamaa, na akihamishiwa darasa la juu kwa sababu ya masikio yake, atashindwa kuandika.

Mchangiaji wa pili

Naomba nichangie kutoka upande mwingine wa dunia. Nilisoma Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, iliyokuwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti, miaka ya 1980 kwa ufadhili wa serikali. Bwenini nilikuwa na wenzangu wenye majina ya ukoo ya Kim, Pak na Tsoi, majina yao ya kwanza yakiwa ya Kirusi, na sikuwasikia hata mara moja wakisema Kikorea wao kwa wao. Kilichobaki kilikuwa chakula. Sokoni akina mama wa Kikorea waliuza karoti zilizokatwa nyembamba kama nyuzi, zikatiwa siki, kitunguu saumu, giligilani na mafuta ya moto. Nje ya mji tulipelekwa kuliona shamba la ushirika lililowahi kuongozwa na Kim Pen Hwa, shujaa mara mbili wa kazi wa nchi ile. Je, hao nao wanajifunza upya?

Mleta uzi

Wanajifunza, mzee wangu, na hali yao ni ngumu kuliko ya wa hapa Los Angeles, kwa kuwa lugha yao haikufifia kwa kubanwa na duka na shule peke yake. Mwaka 1937 serikali ya Stalin iliwahamisha kwa nguvu Wakorea wote wa Mashariki ya Mbali ya Kisovieti, kiasi cha watu 172,000, kwa treni hadi Kazakhstan na Uzbekistan, na mwaka uliofuata shule zao za Kikorea ziligeuzwa kuwa za Kirusi. Walibakiwa na gazeti, ambalo leo linaitwa Koryo Ilbo na hutoka Almaty, na jumba la maigizo lililoanzishwa Vladivostok mwaka 1932. Karoti ulizozila zilishika nafasi ya kabichi ya kimchi, ile mboga ya Kikorea iliyochachushwa, ambayo huko haikupatikana kirahisi.

Wao huita lugha yao Koryo-mar, nayo ilitoka lahaja za Hamgyong, kaskazini kabisa mwa rasi ya Korea. Wajukuu wao waliohamia Korea Kusini, hasa katika vitongoji vya Ansan na Gwangju, wanakuta darasani Kikorea cha Seoul, na neno la bibi wanalolitamka kwa fahari husahihishwa kuwa ni kosa. Hapa nina msimamo ambao wengine hawaupendi: mwalimu amfundishe kijana usemi wa Seoul kwa ajili ya kazi na mitihani, lakini asiliite la bibi kosa. Aseme ni la Hamgyong, ambalo lina umri mrefu, na amhimize kijana kulirekodi kabla wasemaji hawajaondoka. Hata hapa Los Angeles wapo watoto wa watu wa Gyeongsang na Jeolla, mikoa ya kusini mwa Korea, wanaosahihishwa lafudhi ya mama zao, tena na mwalimu aliye mdogo kuliko mama huyo.

Mchangiaji wa tatu

Mimi niko Maskati. Babu zetu walitoka Unguja baada ya mwaka 1964, na wanetu wanaelewa Kiswahili chote cha bibi yao ila wanajibu kwa Kiarabu, kwa hiyo nasoma uzi huu kama unaotuhusu sisi. Nataka kujua Wakorea waliwafundishaje watoto kusoma na kuandika, na kama ilifaulu. Pia, vipi wale watoto walioasiliwa na wazungu? Nao wanahesabiwa katika hili?

Mleta uzi

Nianze na la pili, dada yangu. Tangu miaka ya 1950 watoto wanaokadiriwa kufika 200,000 walitolewa Korea Kusini wakaasiliwa ng'ambo, wengi wao Marekani. Wengi hawakusikia tena Kikorea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya walioasiliwa Ufaransa ulionyesha kwamba hawakuweza kutambua hata sentensi za Kikorea kati ya lugha nyingine, na ikadhaniwa lugha imefutika kabisa. Kisha mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi wakawachukua walioasiliwa huko, wakawafundisha zile konsonanti za namna tatu pamoja na Waholanzi wasiowahi kusikia Kikorea, na baada ya mazoezi walioasiliwa walizitamka vizuri zaidi, hata wale walioondoka Korea kabla ya kutimiza miezi sita. Mtoto ambaye hakuwa bado na neno hata moja alikuwa amekwisha kuweka kitu. Nawajumuisha bila kusita, ila huzuni wanayoibeba darasani ni nyingine. Wenye wazazi Wakorea wanasoma ili waseme na mtu wanayemjua. Hawa wengine husoma ili waweze kumtafuta mtu, au kuandika barua moja kwa mama ambaye huenda asijibu.

Kuhusu watoto: Wakorea wa Marekani walijenga shule za mwisho wa juma, ziitwazo hangul hakgyo, nyingi zikiwa katika vyumba vya makanisa yao, na mwaka 1981 zikaunda umoja wa kitaifa. Nimewahi kualikwa katika moja. Walimu ni akina mama wa kujitolea. Somo kuu ni imla: mwalimu anasoma sentensi, watoto wanaandika, kisha jibu sahihi linazungushiwa duara jekundu na kosa linachorwa mstari wa mshazari. Alfabeti yenyewe, iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, ina konsonanti 14 na irabu 10 za msingi, na mtoto huimudu kwa muda mfupi. Kazi ngumu ni tahajia, kwa kuwa maandishi hufuata shina la neno na masikio hufuata matamshi. Neno la "pamoja" husikika gachi na huandikwa gati. Mtoto mwenye sikio zuri ndiye anayekosa zaidi, maana anaandika alichokisikia.

Je, ilifaulu? Kwa sehemu. Kuanzia mwaka 1997 Kikorea kilikuwamo katika mitihani ya masomo ya SAT, na vijana walivumilia imla kwa ajili ya alama za kuingilia chuo kikuu. Mwaka 2021 mitihani ile iliondolewa na kichocheo kikaondoka nayo. Kwa ninavyoona mimi, walioshika lugha ni wale walioishi na bibi nyumba moja, bibi asiyejua Kiingereza. Kwa hiyo ushauri wangu kwenu Maskati ni kumwacha bibi awe na kazi ya kweli na wajukuu, ya kupika nao na ya kuwatuma, na shule ije kuongeza kusoma juu ya kile alichokwisha kukiweka.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mwalimu wa lugha, Nairobi. Ningependa tuhitimishe kwa vitendo. Akija kwako Mkorea wa miaka 40, anaelewa mama yake lakini hasomi, unamwambia aanzie wapi?

Mleta uzi

Mwalimu, namwambia kwanza aache kuanza na mtihani. Kuna mtihani wa kimataifa wa TOPIK wenye ngazi sita, tangu mwaka 1997, nao ni mzuri kwa mtu anayetaka kazi au chuo, lakini unapima usomaji wa makala zilizojaa maneno yenye asili ya Kichina, ambayo mtu aliyeipata lugha jikoni kwa mama hajapata kuyasikia. Atapata alama ndogo na kuamini kwamba hajui kitu, ilhali anamwelewa mama yake kwa saa nzima.

Abadili kwanza mwisho wa sentensi zake. Kwa muda wa kutosha aseme na mama kwa usemi wa heshima, hata mama akicheka, kwa kuwa mama ndiye mtu pekee atakayemsahihisha bila kumwonea haya. Wapo akina mama wanaokataa, wakiona wamegeuzwa wageni na watoto wao, na hao inafaa waombwe waigize shangazi, daktari au mwenye duka. Nimeona hilo likifanya kazi.

Asome kwa sauti kila anachokisoma, kwa kuwa sikio lake lina ujuzi na jicho lake halina. Neno akilitamka atalitambua. Tamthilia za familia, zenye mama mkwe, bosi na jirani katika kisa kimoja, zina faida kuliko nyimbo, maana mule anaona mtu yuleyule akibadili usemi kila anapobadili anayesema naye. Aziangalie zikiwa na maandishi ya Kikorea chini, asiweke ya Kiingereza.

Kisha ajifunze mapema maneno ya hospitali na ya msiba. Nalisema hili kwa sababu ya kazi yangu. Wazazi waliofika miaka ya 1970 sasa ni wazee, na wengi, hata waliojifunza Kiingereza, hukipoteza wanapougua na kubaki na Kikorea tu. Mtoto ajue kwamba hyeorap ni shinikizo la damu na dangnyo ni kisukari, ajue kumwuliza mama anaumwa wapi na tangu lini kwa usemi unaomstahi, na ajue kwamba msibani watu huinama mara mbili kamili mbele ya picha ya marehemu kisha mara moja kwa wafiwa, isipokuwa katika familia za Kikristo, ambako wengi husali badala ya kuinama.

Yule muuguzi niliyemtaja anasoma sasa jioni katika darasa la waliorithi lugha. Juma lililopita walipewa kazi ya kumhoji mzee mmoja wa familia kwa jondaetmal na kuyaandika majibu kwa mkono. Alimchagua baba yake mkubwa, ambaye hakuwa amewahi kusema naye zaidi ya salamu, na ukurasa wa kwanza wa daftari lake, ambao alinionyesha, una alama nyingi za mshazari kuliko za duara. Kurasa zilizobaki bado anaziandika, kwa sababu mzee hajamaliza kueleza.